Muulize Bi Fundi: “Folda naiona kwa macho yangu, kompyuta inasema haipo”

Barua za mwezi huu zinafanana kama mapacha. Mtu ameanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu, ameambiwa kila mradi uwe na mazingira pepe yake, ile folda ambayo wengi wanaiita venv, ili vifurushi vya mradi huu (si vya bando, ni zile programu saidizi unazoziongeza kwenye Python) visigombane na vya mradi ule. Ameitengeneza vizuri tu. Akija kuiwasha, kompyuta inamwambia njia, yaani anwani ya folda, haipo. Naanza na barua ndefu kuliko zote, maana imebeba matatizo ya wengine wengi ambao barua zao sikuzichapa.

*Shikamoo Bi Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Morogoro. Natumia laptop aliyoniachia mjomba alipofunga biashara, kwa hiyo jina la mtumiaji bado ni “Duka la Mjomba”. Jana nilitengeneza venv nikifuata video, ikakubali bila neno. Leo nimefungua dirisha jeusi nikaandika venv/Scripts/activate kama mwalimu wa video, ikanijibu: 'venv' is not recognized as an internal or external command, operable program or batch file. Rafiki yangu akasema geuza mkwaju. Nikageuza, venv\Scripts\activate, sasa inasema: The system cannot find the path specified. Folda naiona kwa macho yangu, ipo Desktop! Nimeifuta Python na kuiweka upya mara tatu, bando la wiki limeisha. Kazi inakusanywa Ijumaa.*

Marahaba mwanangu. Kwanza iache Python ilipo, haina kosa lolote. Hapa mezani kwangu, Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga, kila wiki naletewa mashine ambayo mwenyewe ameshaifuta na kuipakia upya programu isiyokuwa na ugonjwa. Bando lako limekwenda bure, pole sana.

Una makosa mawili, na hayana undugu. Umeshalitibu la kwanza bila kujua, ndiyo maana jibu lilibadilika.

La kwanza ni mkwaju. Kwenye dirisha jeusi la Windows, lile linaloitwa cmd, mkwaju uliolalia kulia (/) si alama ya kuingia ndani ya folda. Ni alama ya kuipa amri sharti, kama unavyoandika `dir /p`. Kwa hiyo ulipoandika `venv/Scripts/activate`, cmd ilielewa hivi: kuna programu inaitwa venv, iite, uipe na masharti mawili. Ikaitafuta programu hiyo, haikuiona, ikalalamika kuhusu “venv” peke yake. Rudia kusoma ujumbe ule uone: wameitaja venv tu, sehemu nyingine hawakuzigusa.

Huu ni urithi wa zamani. MS-DOS ya mwaka 1981 haikuwa na folda kabisa, na mkwaju wa kulia ulikuwa tayari una kazi ya masharti. Folda zilipokuja na toleo la 2.0 mwaka 1983, nafasi ilikuwa imeshachukuliwa, wakaugeuza mkwaju ulale kushoto. Unix wao walikuwa wanatumia wa kulia kwa folda tangu kale, na Linux na Mac zikarithi hapo. Mwalimu wako wa kwenye video naye yupo Windows, neno `Scripts` linamuumbua, ila nadhani amefungua PowerShell au Git Bash, na hao wawili wanaukubali mkwaju wa kulia. Ametumia dirisha jingine, hakusema.

La pili ndilo hasa lililokukwamisha. Nikikuelekeza nyumbani kwangu nitasema: toka stendi, fuata barabara hiyohiyo, kata kulia penye msikiti, nyumba ya tatu mkono wa kushoto, ina kibanda cha kuuza barafu. Maelekezo yangu ni sahihi, ila yana sharti nisilolitamka, kwamba uanzie stendi. Ukishukia Pongwe ukahesabu nyumba ya tatu mkono wa kushoto, utabisha hodi kwa watu wasiokujua.

`venv\Scripts\activate` ni maelekezo ya namna hiyo. Yanasema: kutoka hapa niliposimama, ingia venv, ingia Scripts, iite activate. Jana ulikuwa umesimama ndani ya folda ya kazi yako. Leo umefungua dirisha jipya, na dirisha jipya huwa linaanzia nyumbani kwa mtumiaji. Limekuandikia kabisa mahali ulipo, kushoto kwa pale unapochapa:

C:\Users\Duka la Mjomba>

Hapo ndipo stendi yako ya leo. Ndani yake hakuna venv. Macho yako yanaiona Desktop, lakini wewe hujasimama Desktop.

Na Desktop yenyewe ina kitendawili. Laptop nyingi siku hizi zimewashwa OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi faili mtandaoni, tangu siku ya kwanza, na OneDrive ikishika usukani inaihamisha Desktop kuiweka ndani yake. Ukiandika `cd Desktop` unaweza kupata kosa lilelile la njia haipo, kwa sababu Desktop unayoiona kwenye skrini sasa inakaa hapa:

C:\Users\Duka la Mjomba\OneDrive\Desktop

Nimewaona watu wazima na akili zao wakitaka kuivunja meza kwa jambo hili.

Sasa fanya hivi. Usiandike njia kwa mkono. Fungua folda zako kwa kipanya kama kawaida, ingia mpaka uione folda ya venv mbele yako, ila usiiingie. Bonyeza kwenye ule upau wa juu unaoonyesha anwani ya folda, futa kilichomo, andika `cmd`, bonyeza Enter. Dirisha jeusi litafunguka likiwa limesimama papo hapo. Kisha andika:

dir /ad

Hii inakuorodheshea folda zilizopo hapo. Ukiiona venv kwenye orodha, umefika. Kama jina lililoandikwa ni `env` au `.venv`, basi tumia hilo, usilazimishe la kwenye video. Halafu:

venv\Scripts\activate

Ukiona `(venv)` imetangulia mwanzoni mwa mstari, amri yako imepokelewa. Kuna kitufe cha Tab ambacho wanafunzi hawakipendi, sijui kwa nini. Andika `ve` ubonyeze Tab, jina litajimalizia. Likigoma kujimalizia, jua hicho unachokitafuta hakipo ulipo, na umelijua kabla ya kubonyeza Enter.

Jina la “Duka la Mjomba” nalo litakusumbua kesho kama halijakusumbua leo. Amri ya `cd` kwenye cmd inavumilia nafasi kati ya maneno. Ukiiita programu kwa anwani kamili haivumilii. Itakatia pale penye nafasi ya kwanza na kukwambia `'C:\Users\Duka' is not recognized`. Dawa ni kuizungushia anwani nzima alama za kunukuu:

"C:\Users\Duka la Mjomba\OneDrive\Desktop\kazi\venv\Scripts\activate"

Ningekuwa wewe ningehama kabisa. Tengeneza folda fupi, isiyokuwa na nafasi, nje ya OneDrive:

mkdir C:\kazi
cd C:\kazi
py -m venv venv
venv\Scripts\activate

Hamisha faili zako za .py tu, venv ya zamani iache ifie hukohuko. Sababu ya kuitoa kazi OneDrive si njia peke yake. Venv changa kabisa ina mamia ya faili ndogondogo, na OneDrive itajitahidi kuzipandisha zote mtandaoni kwa bando lako hilohilo unalolilia.

Kama wewe au mwenzako mnaweka kazi kwenye draivu ya D, mjue kwamba `cd D:\kazi` haikutoi C. Inanyamaza kimya, unadhani umefika, kumbe bado upo ulipokuwa. Andika `cd /d D:\kazi`. Hiyo nayo ni ya mwaka arobaini na saba lakini ipo mpaka leo.

Mkishatulia, nataka mfanye jambo moja wote mnaonisoma. Bonyeza kulia kwenye faili la `activate.bat` lililo ndani ya `venv\Scripts`, ulifungue kwa Notepad. Ni maandishi ya kawaida, hayaumi. Mtakuta humo mistari inayofanana na hii:

set VIRTUAL_ENV=C:\kazi\venv
set PATH=%VIRTUAL_ENV%\Scripts;%PATH%

Kuwasha venv ndiko huko, na mapambo kidogo. PATH ni orodha ya folda. Ukisema `python`, kompyuta inafanya kama mtoto uliyemtuma kibiriti: anaingia duka la kwanza kwenye orodha, wakiwa nacho ananunua anarudi, hajali cha duka la nne ni kizuri zaidi. Wakikosa anakwenda la pili. Kuwasha venv ni kuliweka duka lako mwanzoni mwa orodha. Ukitaka kujua mtoto anaingia wapi, andika `where python`. Mstari wa juu kabisa ndio unaotumika, na inabidi uwe wa ndani ya venv yako.

Na kwa ajili ya Ijumaa: hata bila kuwasha chochote, kazi inakwenda. Mpeleke mtoto moja kwa moja kwenye duka unalolitaka:

venv\Scripts\python.exe -m pip install pandas
venv\Scripts\python.exe kazi.py

Matokeo ni yaleyale. Hiyo `pip` ndiyo programu ya Python ya kuweka vifurushi, na `pandas` ni kifurushi kimojawapo.

*Bi Fundi, hujambo. Nipo Mombasa. Mradi wangu niliufanyia saiba, kwenye draivu ya D. Nikaunakili wote kwenye flashi pamoja na venv ili nisipakue tena vifurushi nyumbani. Kwenye kompyuta ya nyumbani venv inawaka, (venv) naiona, lakini pip ya ndani ya venv inaniambia Fatal error in launcher: Unable to create process. Nikijaribu python ya ndani ya venv inasema No Python at, halafu inataja njia ya kompyuta ya saiba! Imeijuaje?*

Sijambo mwanangu. Imeijua kwa sababu imeandikiwa. Fungua faili dogo linaitwa `pyvenv.cfg`, lipo ndani ya venv juu kabisa. Mstari wa kwanza utakuta kitu kama `home = C:\Users\cyber4\AppData\Local\Programs\Python\Python311`. Venv haikuwahi kuwa na Python kamili ndani yake, inaegemea ile iliyoizaa. Umemchukua mtoto, mama umemwacha saiba.

Na `pip.exe` nayo imechongewa ndani yake anwani kamili ya python ya D. Ukiihamisha inaendelea kuitafuta D.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, tena kwa aibu zaidi, maana sikuhamisha kompyuta. Nilibadilisha jina la folda tu. Ilikuwa inaitwa `mradi mpya`, nikaona jina hilo halina adabu, nikaiita `stoo`, ni programu ya kuhesabu vipuri vyangu. Nikawasha venv, `(venv)` ikatokea, nikaendelea na kazi. Wiki mbili nzima naweka vifurushi. Siku moja nafungua mradi wa mteja ambao hauna uhusiano kabisa, nakuta vifurushi vyangu vyote vimo humo. Nikakaa nikikodoa macho.

Rudini kwenye ile mistari miwili ya Notepad mtaona kilichotokea. `activate.bat` yangu iliendelea kuweka mwanzoni mwa orodha njia ya zamani, ya folda ambayo haipo tena. Mtoto akifika penye duka la kwanza anakuta kiwanja kitupu. Halalamiki, anapitiliza hadi duka la pili, na la pili ndilo Python ya kompyuta nzima. Hakuna kosa lililoandikwa popote. `(venv)` inang'aa mwanzoni mwa mstari kama kawaida, maana ni maandishi tu, haithibitishi kitu. Tangu siku hiyo siiamini tena, nauliza `where python` kwanza.

Kwa hiyo venv haihamishwi, wala haibadilishwi jina, wala folda iliyoibeba haibadilishwi jina. Inatengenezwa upya. Unachobeba ni orodha ya vilivyomo. Ukirudi saiba, washa ile venv ya asili na uandike:

python -m pip freeze > requirements.txt
python -m pip download -r requirements.txt -d vifurushi

Amri ya kwanza inaandika orodha, ya pili inapakua vifurushi vyenyewe na kuviweka kwenye folda inayoitwa vifurushi. Weka hiyo folda na orodha kwenye flashi. Nyumbani, ndani ya folda ya mradi:

py -m venv venv
venv\Scripts\activate
python -m pip install --no-index --find-links=vifurushi -r requirements.txt

Hutatumia hata senti ya intaneti. Sharti ni kwamba Python ya nyumbani iwe ya toleo moja na ya saiba. Kama kule ni 3.11 na kwako ni 3.13, vifurushi vingine vitagoma, hasa vile vizito kama numpy ambavyo vinajengwa kwa toleo maalumu.

Kama saiba wameshaifuta ile D, na wengine wanafuta kila jioni, usikate tamaa. Ingia ndani ya venv uliyoinakili kwenye flashi, `Lib\site-packages`. Folda zote zinazoishia na `.dist-info` zimeandikwa jina la kifurushi na toleo lake. Nakili majina hayo kwa mkono, orodha umeipata.

*Mimi ni mhasibu, Kigoma. Natumia VS Code. Nikiwasha venv napata maandishi mekundu mengi, katikati yanasema running scripts is disabled on this system. Nimehakiki njia mara kumi, ni sahihi.*

Njia yako ni sahihi kweli, umekataliwa na bawabu. VS Code kwenye Windows kwa kawaida inafungua PowerShell, na PowerShell ya kompyuta za nyumbani na ofisini huja imezuiwa kuendesha faili za amri. Ikiwa kompyuta ni yako:

Set-ExecutionPolicy -ExecutionPolicy RemoteSigned -Scope CurrentUser

Jibu Y kama ikikuuliza, kisha `.\venv\Scripts\Activate.ps1`. Ikiwa ni ya ofisi, usiguse mipangilio ya watu. Fungua cmd badala ya PowerShell na hutaulizwa kitu. Msije mkashangaa mkiandika `where python` kwenye PowerShell ikanyamaza: huko neno `where` lina kazi nyingine, andikeni `where.exe python`.

*Dada Fundi, mimi natumia Ubuntu (Linux), sina shida za watu wa Windows. Nimeandika venv/bin/activate ikasema Permission denied. Nikaweka chmod +x. Sasa haileti kosa lakini pia haifanyi chochote. Nikajaribu sudo source, ikasema source: command not found. Msaada. Arusha.*

Huna shida za watu wa Windows, una zako.

Ondoa hiyo chmod kichwani. Faili la activate halikukusudiwa liendeshwe kama programu, ndiyo maana halikupewa ruhusa. Ukiliendesha, terminali, yaani dirisha lako la amri, inazaa mtoto, mtoto anabadilisha PATH yake mwenyewe, anamaliza, anakufa. PATH ya mzazi haijaguswa, na ndiyo ule ukimya ulioupata. Unachotaka ni terminali yako yenyewe ilisome faili na kulitekeleza mwilini mwake:

source venv/bin/activate

Au nukta, nafasi, kisha njia: `. venv/bin/activate`. Kwa sababu `source` ni neno la ndani la terminali na si programu iliyokaa kwenye folda fulani, sudo haiwezi kuipata hata ikitafuta hadi kesho. Na sudo kwenye venv ni kujitafutia balaa: faili zitakuwa za root, mtumiaji mkuu wa mashine, utashindwa kuzifuta mwenyewe.

Mwingine wa Ubuntu ameandika kwa ufupi kwamba kwake `bin` ipo, `python` imo ndani, ila `activate` haimo. Ndugu, venv yako imezaliwa njiti. Juu kidogo ya hapo, siku ulipoitengeneza, iliandika kwamba `ensurepip is not available`, ukapita. Ubuntu na Debian wameikata sehemu hiyo wakaiweka kifurushi cha peke yake. Futa folda hiyo, kisha:

sudo apt install python3-venv
python3 -m venv venv

*Shikamoo Bi Fundi. Nimemaliza kidato cha nne, nipo Lindi. Sina kompyuta, natumia Termux, programu ya terminali, kwenye simu. Nimetengeneza venv kwenye /sdcard/kazi ili nizione faili zangu kwenye simu, inakataa, inasema Permission denied, mara nyingine Operation not permitted. Je, simu yangu haiwezi?*

Marahaba, simu yako inaweza. Umechagua kiwanja kibaya tu. Hifadhi ya pamoja ya simu, hiyo `/sdcard`, hairuhusu viungo vya faili, yaani faili zinazoelekeza kwenye faili nyingine, na venv inajengwa kwa viungo. Hairuhusu pia programu kuendeshwa kutoka humo. Ndani ya nyumba ya Termux yenyewe yote mawili yanaruhusiwa.

Wengi hawajui kwamba venv na faili za kazi si lazima wakae nyumba moja. Venv iweke ndani ya Termux, kazi zako ziache palepale unapoziona:

python -m venv ~/venv
source ~/venv/bin/activate
cd /sdcard/kazi
python kazi.py

Ukishawasha, unaweza kutembea folda yoyote na venv inabaki imewaka, maana PATH imebeba anwani kamili, haijali umesimama wapi. Kama `cd /sdcard/kazi` yenyewe inakataliwa, andika `termux-setup-storage` mara moja, ukubali simu ikikuomba ruhusa.

Alama ya `~` ni nyumbani kwako. Kwenye kibodi ya Gboard ipo ukurasa wa pili wa alama, bonyeza `?123` kisha `=\<`. Tab nayo ipo kwenye safu ya vitufe ambayo Termux inaiweka juu ya kibodi. Na usichanganyike ukisoma nilivyomjibu mwenzako wa Morogoro: kule kwenye cmd, `cd` ikiandikwa peke yake inakutajia ulipo. Kwako wewe `cd` peke yake inakurudisha nyumbani, na ya kukutajia ulipo ni `pwd`.